Kausha Kwanza, Kisha Funga: Kuilinda Kebini ya Boti Msimu wa Masika

Kuanzia Aprili, kusi likishashika na masika kuanza kumwaga, boti nyingi za pwani ya Afrika Mashariki hupumzishwa. Boti za kuvulia samaki wakubwa za Watamu, Malindi na Kilifi hupandishwa nchi kavu. Boti za matembezi za Dar es Salaam, Tanga na Unguja nazo hupunguza safari, na baadhi huwekwa kwenye trela au juu ya magogo mpaka bahari itulie. Mwenyewe hufunga mlango, hutandaza turubai, humkabidhi mlinzi ufunguo, akaenda zake. Miezi mitatu au minne baadaye huikuta injini nzima na rangi nzima, lakini akifungua kebini hupokewa na uvundo. Magodoro yana madoadoa meusi, nyaya zimeota kutu ya kijani kwenye viungo, na plaiwudi iliyo chini ya sinki inabonyea kwa kidole.

Wengi huilaumu mvua. Mvua ina lawama yake, na tutaifikia. Lakini sehemu kubwa ya maji yanayoharibu kebini hayakuingia wakati boti imelala. Yalikuwamo siku mlango ulipofungwa: kwenye ngama chini ya sakafu, kwenye sponji za magodoro, kwenye kamba, kwenye chumvi iliyoganda ukutani. Ushauri wote wa makala haya umesimama juu ya jambo hilo moja. Boti hukaushwa kabla ya kufungwa. Ikishafungwa, kazi inayobaki ni kuulinda ukavu uliokwisha kuupata.

Jambo hili si la urembo. Mabaharia hulala kwenye kebini hizo safari zikiwa ndefu, na vumbi la ukungu humwamshia mtu pumu. Waya uliolika kwa unyevu ndio huo huo unaopeleka umeme kwenye redio ya kuitia msaada na kwenye pampu ya kutoa maji. Na kwa nahodha anayeishi kwa boti yake, wiki mbili za kung'oa plaiwudi iliyooza mwanzoni mwa msimu ni wiki mbili bila riziki.

Kwa nini kebini hutoka jasho

Hewa ya moto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa iliyopoa. Kwa nyuzi 35 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kubeba karibu gramu 40 za maji. Kwa nyuzi 24 haiwezi kubeba hata gramu 22.

Sasa ichukue kebini ndogo yenye mita 10 za ujazo. Mchana jua likichomoza mawinguni, joto la ndani hufika nyuzi 35 bila taabu, na maji ya ngama na ya magodoro hugeuka mvuke mpaka unyevu wa hewa unafika asilimia 80. Hewa hiyo imebeba zaidi ya gramu 310 za maji. Usiku ukiingia, faiba ya dari hupoa mpaka nyuzi 24, na hewa ya ndani haiwezi tena kubaki na zaidi ya gramu 218. Karibu gramu 100 zinazozidi, sawa na vikombe viwili vidogo vya kahawa, hutua kama matone kwenye dari, nyuma ya makabati na juu ya nyaya.

Asubuhi jua huyapandisha maji hayo tena, na usiku hushuka tena. Maji yale yale, bila kuongezwa tone, huizunguka kebini kila siku kwa msimu mzima. Ndiyo maana boti isiyovuja hata kidogo inaweza kuoza kwa ndani. Kadiri ilivyozibwa barabara, ndivyo maji yaliyosahauliwa humo yanavyokosa pa kutokea.

Ukungu hustawi pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 70 kwa siku mfululizo. Ukiushusha ukakaa chini ya 60, ukungu hukosa pa kuanzia. Kwa hiyo nunua kipimo cha unyevu, kile kidogo cha betri kinachoonyesha joto na asilimia. Kabla ya kukiamini, kijaribu nyumbani. Weka chumvi kwenye kifuniko cha chupa, itie matone machache ya maji iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, kisha ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, mahali pa kivuli. Baada ya muda wa saa nane hivi, kipimo kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 80, utajua kinazidisha tano, na utazitoa kila utakapokisoma.

Chumvi kabla ya maji

Mtu wa pwani anajua kwamba nguo iliyoloa maji ya bahari haikauki. Mchana huonekana kavu, jioni ikawa bichi tena. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu unapozidi asilimia 75, na masika hewa ya pwani hukaa juu ya hapo muda mwingi, usiku hasa. Chumvi ya bahari ina pia chumvi za magnesiamu, ambazo huvuta maji hata hewa ikiwa kavu mno kuliko inavyowahi kuwa Mombasa au Dar es Salaam. Godoro, kamba au ukuta wenye chumvi utabaki na unyevu hata ukiuanika wiki nzima.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha kwa maji matamu. Anza juu ushuke chini: dari, kuta, ndani ya makabati, ngazi, sakafu, mwisho ngama. Tumia sabuni kidogo isiyo kali, suuza, halafu futa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Vifuniko vya magodoro vivue uvifue. Sponji iliyowahi kunywa maji ya bahari izamishe kwenye maji matamu, ikanyage yatoke, uizamishe tena, mpaka ukionja maji yake usisikie chumvi. Jaketi za kuokolea, kamba na viatu vya sitahani vioshe vivyo hivyo. Ni kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo kila unachofanya baadaye kitakuwa kinapigana na chumvi.

Wenzetu wa Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa hatua hii ni nyepesi kwao, kwa kuwa maji yao hayana chumvi. Mengine yote yanawahusu sawasawa.

Siku za kukausha

Tenga siku tatu zisizo na mvua, ikiwezekana mwishoni mwa kaskazi, Machi, kabla mawingu hayajajazana. Ukingoja mpaka tone la kwanza la masika, umechelewa, kwani hapo utakuwa unakaushia hewa iliyojaa maji.

Siku ya kwanza toa kila kinachotoka. Magodoro, mito, mapazia, vitabu, ramani, kamba, nyavu, nguo za mvua, vyombo vya jikoni, chakula, dawa na karatasi zote ziende nyumbani au ghalani. Kitu cha kitambaa au cha karatasi kikibaki kebini hunywa unyevu na kuutunza. Ikikulazimu kuacha magodoro, yasimamishe kwa ubavu, yasigusane wala yasiguse ukuta, hewa ipite pande zote.

Kisha fungua kila kinachofunguka: makabati, droo, masanduku yaliyo chini ya vitanda, mbao za sakafu, kifuniko cha injini. Friji itoe barafu, ifute, na uweke kijiti mlangoni usijifunge. Tangi la maji limwage lote na mfuniko wake uuache wazi. Choo kipitishie maji matamu mengi, kisha kimwage mpaka bomba likauke. Sanduku la barafu la samaki ndilo husahauliwa kuliko vyote, na ndilo huanzisha harufu. Lioshe, lifute, liache wazi, na hakikisha bomba lake la kutolea maji halijaziba.

Siku ya pili ni ya ngama. Inua omo juu kidogo kuliko tezi ili maji yakimbilie nyuma, halafu chomoa nguruzi, kile kizibo cha tundu la chini, na uifunge kwa kamba kwenye usukani ili asiwepo atakayeishusha boti majini bila kuirudisha. Yachunguze matundu madogo yanayopitisha maji kutoka chumba kimoja cha ngama hadi kingine. Mara nyingi yamezibwa na magamba ya samaki, nywele na vipande vya nailoni, na nyuma ya kila tundu lililoziba kuna kidimbwi ambacho pampu haikifikii. Yazibue kwa waya, vuta maji, kisha piga magoti umalizie kwa sponji na kitambaa. Pampu hata iwe nzuri namna gani huacha maji ya kina cha kidole, na hayo ndiyo yatakayozunguka hewani miezi yote. Ngama yenye mafuta ioshe kwa sabuni, kwa sababu utando wa mafuta hufunika maji na kushika harufu.

Siku ya tatu iache kebini wazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, feni ikivuma kutoka mlangoni kuelekea omo. Saa za katikati ya mchana ndizo unyevu wa hewa huwa chini kabisa. Funga kabla ya magharibi, hewa nzito ya usiku isiingie. Utajuaje kwamba imekauka? Bandika kipande cha nailoni angavu kwenye sakafu ya ngama, ukizibe kingo zote kwa utepe, na ukiache usiku mzima. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, bado kuna maji. Rudia siku nyingine. Usifunge kwa sababu umechoka.

Mvua na njia zake

Maji hufuata mkondo, na ndani ya boti mkondo hujificha. Doa liko juu ya kitanda, lakini tundu liko mita mbili mbele, chini ya skrubu ya kishikizo cha kamba. Maji yameteleza kati ya dari na faiba mpaka yakapata ufa wa kutokea. Basi usipake gundi pale unapoona doa. Tafuta mlango wake.

Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine awe sitahani na mpira wa maji. Anza sehemu ya chini kabisa ya sitaha, mwagia eneo moja dogo kwa dakika tano, kisha panda kidogo kidogo. Ukianzia juu, maji yatatiririka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Angalia hasa mpira wa kuzibia kwenye vifuniko vya sitaha, kingo za madirisha, na kila chuma kilichokazwa kwa skrubu: vishikizo vya kamba, nguzo za ulinzi, viti vya kuvulia, mguu wa antena.

Kupaka silikoni juu ya chuma kinachovuja ni kuliahirisha tatizo, maana maji yatapata njia chini yake. Kifungue chuma, safisha gundi ya zamani, kausha tundu, tia gundi mpya ya baharini chini ya chuma chenyewe, kisha kaza. Mpira wa kifuniko uliokauka au kulala bapa ubadilishe. Kuujaribu ni rahisi: funga kifuniko juu ya ukanda wa karatasi na uuvute. Ukichomoka bila kukwama, hapo ndipo mvua itapita.

Paa juu ya boti

Banda la makuti au la mabati lenye pande wazi ni hifadhi bora kuliko turubai lolote. Huzuia mvua, huzuia jua, na huacha upepo upite. Kivuli pekee kina faida kubwa, kwa kuwa kebini isiyopata joto kali mchana haitoki jasho jingi usiku. Makuti yakaguliwe kabla ya masika, na magogo yanayoishikilia boti yatazamwe kila mara kwa ajili ya mchwa na panya.

Asiye na banda atumie turubai, lakini asilivike boti kama sanda. Nailoni iliyolalia sitaha hufungia unyevu chini yake na kusugua rangi kila upepo unapovuma. Weka mti mrefu katikati, kutoka omo hadi tezi, turubai lining'inie pande mbili na maji yateleze. Acha nafasi ya angalau shubiri moja kati ya turubai na sitaha, na ncha za mbele na nyuma ziache wazi hewa ipite. Kingo zishuke kupita ubavu wa boti, mvua ya upepo isirudi ndani. Kamba zifungwe kwenye boti yenyewe au kwenye vigingi vilivyochimbiwa ardhini. Usizifunge kwenye vyuma au magogo yanayoishikilia boti, kwani kusi likitikisa turubai litayang'oa, na boti itaanguka.

Hewa au kufunga: chagua moja

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuchanganya njia mbili zisizopatana. Ipo njia ya kuiacha boti ipumue, na ipo njia ya kuifunga na kuikausha hewa yake. Kila moja inafaa. Nusu ya hii na nusu ya ile haifai.

Kuiacha ipumue ni njia ya asiye na umeme mahali boti ilipo. Inahitaji matundu mawili, moja la kuingiza na moja la kutoa, yaliyo mbali baina yake: moja chini karibu na mlango, jingine juu karibu na omo. Tundu moja peke yake halipitishi hewa. Yote mawili yawe chini ya paa au turubai, yawekewe wavu wa mbu, na yasielekee moja kwa moja kusini, ambako kusi huleta rasharasha ya chumvi. Milango ya makabati na mbao za sakafu ziachwe wazi msimu wote, kwa sababu kona isiyofikiwa na hewa ndiyo inayootesha ukungu kwanza. Feni ndogo ya sola inayofungwa kwenye kifuniko cha sitaha husaidia sana, kwa kuwa huvuta hewa mchana, saa ambazo hewa ya nje ni kavu kidogo.

Njia hii ina mpaka wake, na ni vizuri kuujua. Upepo hauwezi kuifanya kebini iwe kavu kuliko hewa ya nje. Aprili Dar es Salaam na Mei Mombasa, miezi yenye mvua nyingi kuliko yote katika miji hiyo, kipimo chako kitapita asilimia 70 mara kwa mara. Ndiyo maana vitambaa vyote sharti viwe nyumbani. Faiba tupu, safi, isiyo na chumvi, inaweza kuvumilia. Godoro haliwezi.

Kuifunga ni njia ya mwenye umeme wa kuaminika. Ziba matundu yote ya hewa kwa nailoni na utepe, funga madirisha, na uweke mashine ya kukausha hewa. Zipo za aina mbili. Moja hufanya kazi kwa kompresa kama friji, nyingine kwa gurudumu la kemikali linalonyonya maji. Ya pili ilikusudiwa nchi za baridi. Kwa joto letu nunua ya kompresa. Iweke kwenye asilimia 55. Kukausha kupita hapo ni kupoteza umeme na kupasua mbao za makabati. Bomba lake la maji lielekeze kwenye sinki, na hakikisha sinki linatoka nje. Ukitegemea ndoo ya mashine, itajaa baada ya siku moja au mbili na mashine itajizima.

Jambo moja uliangalie dukani kabla ya kulipa. Washa mashine, chomoa plagi, ichomeke tena. Ikirudi kuwaka yenyewe, inafaa. Ikingoja mtu abonyeze kitufe, iache, kwa maana umeme ukikatika usiku mmoja itabaki imezima wiki tatu bila mtu kujua. Waya wa umeme uwe mnene wa kutosha, usiwe na kiungo kinachokaa kwenye maji, na uwe na swichi inayokata umeme ukivuja. Usijaribu kuikausha kebini kwa taa ya joto, pasi au jiko. Boti za faiba huwaka haraka, na moto wake ni mgumu kuzima.

Kabla ya kufunga hivyo, toa mtungi wa gesi, petroli yote na betri. Betri za asidi zikichajiwa hutoa gesi inayolipuka, na kebini iliyozibwa haina pa kuitolea.

Vinyonya unyevu na imani zake

Zile chembechembe nyeupe za kalsiamu kloridi zinazouzwa kwenye vikopo vya kuweka kabatini hunyonya maji kweli kweli. Lakini zina masharti mawili. Kwanza, zinafaa kwenye kebini iliyofungwa tu. Matundu yakiwa wazi zitakwisha kwa siku chache, zikinyonya hewa ya nje isiyo na mwisho. Pili, zikishanyonya hugeuka kuwa maji makali ya chumvi, yanayokula alumini na kuharibu mbao. Kikopo kiweke ndani ya beseni, na beseni ndani ya sinki. Usikiweke juu ya nyaya wala karibu na injini. Boti inayoelea huyumba, kwa hiyo humo usivitumie kabisa.

Silika jeli, ile ya kwenye vifuko vidogo, inafaa kwa masanduku madogo yaliyofungwa: redio ya mkononi, kamera, kifaa cha ramani. Ikishalowa huweza kukaushwa kwenye oveni kwa nyuzi 120 hivi na kutumiwa tena.

Makaa ya kupikia hupunguza harufu, lakini unyevu yanaouchukua ni mdogo, wala hayawezi kuitosha kebini nzima. Mchele hunyonya kidogo sana na huita panya na wadudu. Sahani za chumvi, ambazo baadhi ya watu huziweka sakafuni, hugeuka maji yenyewe masika, na sasa unajua kwa nini.

Boti za mbao zina sheria yake

Yote niliyosema juu ya kukausha mpaka asilimia 55 ni ya faiba. Mashua au jahazi la mbao ukilikausha hivyo utaliua. Mbao hunywea, mishono hufunguka, kalafati hutoka, na siku ya kulishusha litakunywa maji kama kapu. Chombo cha mbao hutaka kivuli na upepo, hakitaki mashine.

Adui wake mkubwa ni maji ya mvua kuliko maji ya bahari. Vimelea vinavyoozesha mbao hustawi kwenye maji matamu na hulemewa na chumvi. Mvua iliyotuama kwenye kona ya mataruma, mahali pasipo hewa, ndiyo inayolainisha ubao kimyakimya. Basi chombo cha mbao kipe paa zuri, ngama isiyotuamisha mvua, na nafasi wazi kutoka omo hadi tezi. Wazee wetu walipopaka sifa, yaani mafuta ya papa, kwenye mbao walikuwa wanalinda maji yasiingie na yasitoke kwa ghafla, na kazi hiyo bado ina maana leo.

Mlinzi na ukaguzi

Boti iliyolala inahitaji macho. Mlinzi ukimwambia tu "niangalizie", ataangalia wezi. Mweleze kazi nyingine pia, mwandikie, na umlipe kwa ajili yake, kwa kuwa ni kazi.

Kila baada ya mvua kubwa achungulie ngama kwa tochi na kulikaza turubai. Kila wiki asome kipimo cha unyevu na akutumie picha yake kwa simu, ili wewe uliye mbali uone mwelekeo. Siku yoyote kavu yenye upepo, kwa boti inayopumua, afungue mlango na vifuniko saa nne asubuhi na kuvifunga saa kumi jioni. Kila mwezi aguse pembe za ndani za makabati kwa mkono mtupu, anuse, na azibue matundu ya kutolea maji sitahani. Nyigu wa udongo hupenda kujenga humo na kwenye mabomba ya hewa ya matangi, na tundu moja lililozibwa linatosha kuigeuza sitaha kuwa bwawa usiku mmoja.

Ukungu ukishaingia

Usiufagie ukiwa mkavu, utaurusha hewani uupumue. Vaa barakoa, fungua kila dirisha, na uufute kwa kitambaa kilicholoa. Siki nyeupe inatosha kwa kuta za faiba na mbao zilizopakwa rangi: ipake, ngoja nusu saa, sugua, futa kwa maji matamu, kisha kausha. Dawa ya klorini huondoa madoa kwenye faiba, lakini huharibu vitambaa na nyuzi za kushonea. Usiichanganye na siki kamwe, hata kwa zamu juu ya ukuta ule ule bila kusuuza, maana zikikutana hutoa gesi ya sumu, na kebini ni chumba kidogo. Sponji iliyoota ukungu mpaka ndani itupe. Haisafishiki, na ukiirudisha itaambukiza iliyo mpya.

Fedha kidogo ianzie wapi

Najua si kila mwenye boti ataweza yote haya kwa msimu mmoja. Kama una fedha ya kitu kimoja tu, lipa mikono ya watu wawili kwa siku tatu za kuosha na kukausha. Hakuna mashine itakayofidia kazi hiyo ikikosekana. Ukipata ya pili, tengeneza paa lenye kivuli na upepo. Ya tatu nunua kipimo cha unyevu, ambacho ni rahisi, na kitakuambia kama unahitaji kuendelea. Mashine ya kukausha hewa iwe ya mwisho, baada ya kuzibwa matundu yanayovuja na kuisha chumvi.

Na ukipanga kalenda ya mwaka ujao, usiandike siku ya kuipandisha boti peke yake. Andika pia zile siku tatu za Machi zinazofuata, mwambie nahodha na mabaharia wako mapema, na msikubali safari yoyote ya mwisho wa msimu iwanyang'anye siku hizo.